Siga Zilizoanikwa Kama Kahawa

Tunduma,
Septemba, mavuno yakielekea kwisha

Baba mpendwa,

Shikamoo, na wangaluka kwa wote waliokaa hapo uani wakati Dada Kalunde anakusomea. Kifua kinaendeleaje? Kalunde aliniambia kwamba sasa unalala bila kuamka kukohoa, lakini yeye hupenda kunipa habari njema kwanza na zile nyingine baadaye, kwa hiyo nauliza tena na nataka jibu lako mwenyewe. Goti la Mama je? Na fundi wa paa la jikoni, amerudi, au bado anafuata misumari?

Sisi huku ni wazima. Baridi ya Julai ilitukamata sawasawa, mimi nikalala na soksi na koti, mke wangu akasema ameolewa na dereva wa lori. Mpaka uko vilevile. Malori yamejipanga kuelekea Zambia, madereva wanasonga ugali kando ya matairi, na vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimeandika habari za foleni hiyo mara nyingi mno, hadi mhariri wangu wa Dar es Salaam akinipigia simu huanza kwa kusema, "Mbali na foleni?" Mkweo amepata kibanda sokoni, anauza mchele na chumvi ya Ivuna. Wateja wa ng'ambo wanamsalimu "Mulishani, bamayo," naye siku hizi anawajibu bila kunigeukia nimsaidie.

Sasa nije kwenye lile swali. Nilikupigia asubuhi moja nikakuuliza mlikuwa mnafanyaje bani linapokausha tumbaku kupita kiasi. Ulinijibu vizuri, kisha ukaniuliza kama nimeacha uandishi nikaanza kulima, nami nikakuambia habari hii haitoshi kwenye simu. Hii hapa, yote, kama ilivyokuwa.

Huko Ihanda, wilayani Mbozi, nina rafiki anaitwa Mzee Simwinga. Ni mkulima wa kahawa, bwana shamba mstaafu, na mzee wa kanisa. Ujanani alipelekwa Kuba kusomea kilimo. Wakati wa likizo hakuwa na pa kwenda, basi akawa anakaa nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake, Anselmo, na baba wa nyumba ile alikuwa fundi wa kuviringisha siga kiwandani.

Najua hapo utamsimamisha Kalunde uulize siga ni kitu gani. Siyo sigara ya karatasi. Ni majani matupu: majani ya ndani yamekunjwa kwa urefu, yakafungwa na jani la pili, halafu yakavishwa jani la nje lililochaguliwa kwa sura yake. Ni nene kama kidole gumba chako na ni ndefu kupita kiganja. Hakuna kilichokatwakatwa humo, hakuna dawa, na gundi ni tone dogo tu kichwani. Za Kuba ndizo matajiri wa dunia wanazojengea vyumba maalumu.

Anselmo alisomea udaktari, na miaka kadhaa iliyopita alikuja kufanya kazi katika hospitali moja ya pwani yetu. Alifika Ihanda na sanduku dogo la mbao nyekundu. Ndani mlikuwa na siga ambazo baba yake, akiwa amekwisha kustaafu, aliviringisha mezani kwake nyumbani kwa ajili ya vijana wake wawili, huyo mwanawe na yule Mwafrika aliyekuwa akimalizia wali jikoni. Waliahidiana kuzivuta watakapokutana tena wakiwa hawana haraka. Daktari akaacha maagizo: sanduku likae kivulini, na kila mwezi kile kipande cha sponji kilichomo kiloweshwe. Mzee Simwinga akayafuata maagizo hayo kama yale ya kitabu cha Kutoka.

Mwaka huu yule fundi akafariki. Daktari Anselmo, ambaye sasa yuko Zambia upande wa migodi, akapiga simu: ninakuja, tuvute zile alizotutengenezea, maana hakuna nyingine tena.

Nikutajie sasa Mama Tumaini, mke wa Mzee Simwinga, kwa sababu habari ni yake. Ni mwonjaji wa kahawa wa chama chao cha msingi. Anapiga kijiko cha kahawa kwa mvumo unaosikika hadi barabarani, anaizungusha mdomoni, anaitema, anatoa hukumu. Wakulima wanamwogopa kuliko mvua ya mawe. Mwaka juzi aliikataa kahawa ya shamba lao wenyewe mbele ya watu wote. "Ina harufu ya gunia," alisema, na mumewe akarudi nayo nyumbani kwenye pikipiki.

Julai Mzee Simwinga akaenda Mbeya kwa binti yao kutolewa mtoto wa jicho. Akamwachia mkewe kazi ya sponji. Mama Tumaini hakuwa amelifungua sanduku lile hata siku moja. Mambo ya tumbaku ya mzee wa kanisa hakutaka kuyajua. Siku hiyo akalifungua. Akakuta majani laini, yenye unyevu, na juu yake vumbi jeupe.

Sasa fikiri kama mtu wa kahawa, Baba. Kwao unyevu ndiyo adui. Kahawa yenye unyevu huota ukungu, na yenye ukungu hakuna anayeinunua. Akaona jambo moja tu, kwamba mumewe, kwa macho yake mabovu, amekuwa akizilowesha zawadi za watu hadi zimeoza. Akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazipanga kwenye meza ya kuanikia kahawa, ile yenye wavu mpya, juani, akawa anazigeuza ili zikauke sawasawa. Alipofanya hivyo siku ya tatu, moja ikavunjika mkononi mwake kama kijiti cha kuwashia moto.

Alinipigia akiwa amesimama palepale mezani.

"Mwandishi, wewe si ulisema kwenu ni tumbaku tupu?"

"Ndiyo, Mama. Urambo."

"Njoo. Usimwambie mtu."

Nilipofika alikuwa amezirudisha sandukuni. Nilichukua moja nikaiminya taratibu karibu na sikio, kama Mama wa huko nyumbani alivyokuwa akifanya na majani. Ilikuwa inalia kwa ukavu. Jani la nje la mbili au tatu lilikuwa limepasuka. Mama Tumaini aliniangalia usoni kama wakulima wanavyomwangalia yeye.

"Zimekufa?"

"Sijui. Nimpigie Baba."

Ndipo nilipokupigia. Ulisema, na niliandika neno kwa neno: "Maji ni ya sakafu. Jani usilipe hata tone. Mwaga sakafuni, funga mlango, liache lijinywee lenyewe, na usilishike kabla halijawa tayari." Nilikuwa nimeweka sauti kubwa, kwa hiyo Mama Tumaini alikusikia. Akasema, "Huyo mzee anajua kazi," na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Bani la kukaushia tumbaku hatukuwa nalo. Tukachukua chungu kikubwa cha pombe alichorithi kwa mama mkwe wake na ambacho, kwa sababu za kanisa, kilikuwa kikihifadhi maharage. Tukaweka mchanga mbichi chini, tukapanga mabua juu yake, tukaweka sanduku likiwa wazi kidogo, tukafunika kwa kitambaa kibichi. Chungu kikakaa kwenye kona ya ghala yenye baridi. Nilimwonya kwamba haraka italipasua jani la nje, kwa kuwa la ndani litavimba. Akanijibu kwamba yeye amelea miche ya kahawa tangu hajaolewa, nisimfundishe kungoja. Tulikuwa na wiki nne na zaidi kidogo kabla ya mgeni kufika.

"Akija," aliniambia siku ile tukinawa mikono, "sisi tunanyamaza."

"Mimi sitasema, Mama. Lakini nikiulizwa sitakana."

"Nani atakuuliza wewe? Utaulizwa habari za foleni."

Ikawa hivyo. Kila nilipopita Ihanda nilipelekwa ghalani kabla ya kupewa kiti. Sauti ya kulia ikapungua, kisha ikaisha. Mipasuko midogo tuliiziba kwa uji mwembamba wa unga wa muhogo, tukaupaka kwa unyoya wa kuku. Ukizitazama kwa mbali ungesema ni nzima. Mzee Simwinga alirudi kutoka Mbeya akiona vizuri sana, akasifu rangi ya mapazia aliyokuwa nayo miaka yote, na hakugundua lolote, kwa kuwa mkewe alikuwa amekwisha kurudisha sanduku mahali pake na sponji ndani yake.

Daktari Anselmo nilimpokea mwenyewe mpakani. Ni mrefu, ana mvi, na Kiswahili chake kina adabu za pwani na lafudhi ya kwao. Alivuka kwa miguu kati ya malori, begi begani, akamsalimia kila aliyemwuzia kitu. Njia nzima hadi Ihanda aliniuliza kahawa inachachushwa saa ngapi na maji yanatoka wapi. Kwenye habari za baba yake alisema neno moja tu, kwamba mwishoni mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, na kwamba hajui kama siga hizi ziliviringishwa kabla ya mtetemeko au baada ya kuanza.

Waliposalimiana na Mzee Simwinga walipiga Kihispania hadi Mama Tumaini akagonga sinia kwa kijiko. "Humu ndani tunaongea lugha inayoeleweka na mpishi." Tukakaa barazani alasiri, kahawa ya shamba mezani, jua likiwa upande wa pili wa nyumba.

Hapa, Baba, nilijifunza mambo ambayo nimekulia ndani ya tumbaku bila kuyajua. Siga haivutwi kama sigara. Kwanza unaitazama: jani la nje liwe na mng'ao wa mafuta, mishipa iwe myembamba. Unaiminya kuanzia mguuni, ile ncha inayowashwa, hadi kichwani kusikia kama ina mahali patupu. Unanusa mguu wake. Unakata kichwa kidogo tu, na daktari alitumia wembe. Kisha unaivuta kabla ya kuiwasha, kuonja jani likiwa baridi. Kiberiti kikiwaka unakingoja kimalize harufu yake ya baruti, halafu unaizungusha siga juu ya moto bila moto kuigusa. Moshi haushuki kifuani. Unaukaribisha mdomoni, unakaa nao, unauruhusu uende. Ukimaliza huikandamizi kwenye kisahani. Unaiweka tu, inazimika yenyewe.

Ndani mna majani ya aina tatu, na utacheka: ya chini ya mche yanasaidia kuwaka, ya kati yanatoa harufu, ya juu kabisa, yaliyokula jua zaidi, yanatoa nguvu. Yaani ni vilevile ulivyokuwa ukitupangia madaraja, ila ninyi mlilikausha jani kwa moto likabaki la njano, na wao wanaliacha hewani ligeuke kahawia, kisha wanalirundika lipate joto lake lenyewe, wanalipindua, wanalirundika tena, miezi na miezi.

Mzee Simwinga alishika ya kwake kama kalamu.

"Mchungaji akipita?" akanong'ona.

"Atakaribishwa kahawa," mkewe akajibu.

"Ulipokuwa kijana," daktari akamwambia, "ulitoa moshi kama bomba la kiwanda cha sukari. Leo unaogopa mchungaji?"

"Nilikuwa sijaokoka."

"Ulikuwa umeokoka. Mama yangu alikuwa akikupeleka kanisani kila Jumapili, ukisinzia."

Wakawasha. Mzee akakohoa mara mbili, akacheka, akaendelea. Mimi nilikuwa namtazama daktari, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Alivuta. Akaigeuza, akaangalia moto, ambao ulikuwa umekimbia upande mmoja na kuuacha mwingine. Akairekebisha kwa kiberiti. Akavuta tena. Safari hii uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyefika mlango alioujua akaukuta umepakwa rangi nyingine.

"Nzuri," alisema. Kisha baada ya muda, kwa utulivu tu, "Ni mtetemeko. Alikuwa amekwisha kuchoka alipotengeneza hizi. Mkono haukuwa ule."

Mzee Simwinga akainamisha kichwa kwa heshima. Nikamwangalia Mama Tumaini. Alikuwa amesimama na birika mkononi, na lile birika halikuwa likimimina.

Mambo yangeishia hapo, Baba. Hakuna aliyemshuku. Daktari angerudi Zambia akiamini kwamba kazi ya mwisho ya baba yake ilikuwa mbovu, na sisi wawili tungekaa kimya kama tulivyopatana.

"Nipe hiyo," Mama Tumaini akasema.

"Shemeji?"

"Nipe nionje. Mimi ni mwonjaji."

Daktari akampa ya kwake, akamwelekeza, "Ingiza mdomoni, zungusha, toa. Kama kahawa." Mama Tumaini akaivuta kwa ule mvuto wa kijiko, kwa mlio, macho yakamtoka machozi. "Taratibu, Shemeji!" Ya pili akaivuta sawasawa. Akafumba macho. Tukamngoja kama wale wakulima wanavyomngoja.

"Mkono wa baba yako hauna kosa," alisema macho yakiwa bado yamefumbwa. "Hili ni jua. Jani la nje limekauka haraka, likarudishwa. Ndiyo maana moto unakwenda pembeni na inauma mwanzoni. Niliianika mimi."

Mzee Simwinga akatoa siga mdomoni. "Uliianika?"

"Zote. Kwenye meza yenye wavu mpya."

"Meza ya kahawa?"

"Ulitaka nianike kwenye kitanda chako? Uliniachia kitu chenye ukungu."

"Ule siyo ukungu!" Sasa mzee alikuwa amesimama. "Mafuta yale! Jani likizeeka vizuri linatoa ule weupe. Miaka yote nimeutunza ule weupe!"

"Hukuniambia. Uliniambia sponji."

Daktari alikuwa akimtazama mmoja na mwingine. "Shemeji," akauliza, "ulizigeuza?"

"Nitaacheje kugeuza? Kila baada ya muda. Pande zote."

Daktari alianza kucheka polepole, kisha akacheka hasa, hadi Mzee Simwinga, aliyekuwa bado na hasira, akalazimika kukaa. Mama Tumaini hakucheka. Alikuwa bado ameishika ile siga.

"Subiri," akasema. "Sijamaliza kuonja." Akavuta mara nyingine. "Chini ya lile jua kuna kitu. Karanga iliyokaangwa bila kuungua. Kisha mbao, ya sanduku labda. Halafu mwishoni kuna utamu mdogo, kama udongo mvua inapoanza kunyesha. Aliyeyapanga majani ya ndani aliyapanga vizuri. Hakuna pengo hata mahali pamoja. Mtu anayetetemeka hafungi hivi."

Daktari alisimama akashuka ngazi, akaenda akasimama kati ya mikahawa, mgongo wake ukituelekea. Tulimwacha. Aliporudi aliomba kahawa nyingine, akaichukua siga yake, akaivuta hadi karibu na vidole. Ile sehemu ya mwisho iliungua sawasawa, kana kwamba jua halikuwahi kuifikia.

Siku ya kuondoka sanduku lilikuwa na siga zilizobaki, na sote tulijua atakwenda nalo. Alilitoa kwenye begi lake. Mzee Simwinga akanyoosha mikono kulipokea, daktari akampita, akamkabidhi Mama Tumaini.

"Kaa nazo wewe, Shemeji. Huyu atafuata maagizo tu. Wewe utaziangalia. Mwakani nitakuja uniambie zimefika wapi."

Mama Tumaini akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Hapohapo akalifungua, akatoa moja, akaniwekea mkononi. "Hii ya yule mzee wa sakafu." Daktari akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Nikamweleza habari za kifua chako, akasema ole wako ukivuta moshi, na mimi nasema hivyohivyo: unuse mguu wake, uivute ikiwa baridi bila kiberiti, umpe Mjomba Shija aiwashe nawe ukae upande upepo unakotoka. Anayeleta ni dereva jirani yetu, anapita Tabora na mchele. Imefungwa kwenye jani la mgomba ndani ya kopo. Lifungueni kivulini.

Nisalimie Mama, nimeweka dawa ya goti kwenye kifurushi hichohicho. Nisalimie Shangazi aliye jirani na ghala la chama, na umwambie picha aliyoomba inakuja. Mjomba Shija asijifanye anajua siga, asikilize maelekezo. Msalimie mwalimu aliyenifundisha kuandika, kama bado anapita jioni kucheza bao. Na wewe Dada Kalunde, asante kwa sauti yako. Usiruke chochote hata akikuambia uruke.

Mama Tumaini anangoja neno lako, Baba. Ameniambia anataka ulichokionja kama kilivyo, na kikiwa kibaya ukitaje.

Mwanao,
Mihayo